Uliza Mwalimu: Theluji ni shahidi, na shahidi huhojiwa

Katika toleo lililopita, nikimjibu msomaji mwingine kuhusu jambo jingine kabisa, nilipenyeza kwamba hewa waliyovuta watu wa Shanga, mji wa kale kule kisiwani Pate, bado ipo, imefungiwa ndani ya barafu ya ncha za dunia. Ilikuwa sentensi moja tu. Nimeletewa barua kumi na saba, ujumbe wa simu sikuhesabu, na jirani yangu hapa Mkomani amenisimamisha uchochoroni na kapu lake la samaki mkononi: "Mwalimu, yeo wanena nini? Barafu ina pumzi?" Basi ukurasa wote wa mwezi huu nautoa kwa barafu. Mlioniuliza kuhusu visima kuingia chumvi, niwieni radhi hadi mwezi ujao.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza barafu za ubuyu na ukwaju hapa Langoni. Mwanangu amesoma maneno yako, sasa kila nikivunja barafu ya maji matupu ananionyesha vile viputo vya katikati na kuniambia ni hewa ya kale. Nami namwambia, hewa ya kale gani, na friji nimeiwasha jana? Nani kati yetu mkweli? (Mama wa barafu, Langoni, Lamu)

JIBU: Marahaba mama. Mkweli ni wewe, ila usimcheke mtoto, amekosea kidogo tu.

Maji ya kisima au ya bomba yana hewa iliyoyeyuka ndani yake, kama sukari kwenye chai. Yanapoanza kuganda, barafu haipendi mgeni. Kila kisicho maji inakisukuma kuelekea katikati, kwenye sehemu inayoganda mwisho. Wewe unalijua hili kuliko mimi: barafu ya ubuyu ukiifyonza pembeni ni maji baridi tu, utamu na wekundu wote umejazana katikati. Hewa nayo hufukuzwa hivyo hivyo, ikikosa pa kutokea inabaki viputo. Viputo vyako, basi, ni hewa ya jana, ya Langoni.

Barafu ya Antaktika na ya Greenland haikuanza kama maji ndani ya chombo. Ilianza kama theluji, na theluji ni mvuke uliogeuka fuwele huko huko juu, ukashuka pamoja na ulichokikumba njiani: vumbi, chumvi ya bahari, masizi, matone madogo ya asidi. Huko katikati, kwenye baridi kali, hakuna kiangazi cha kuiyeyusha, kwa hiyo theluji ya mwaka huu hulala juu ya ya mwaka jana.

Sasa fikiria godoro la sufi. Likiwa jipya ni hewa tupu, unalibonyeza linapumua. Lilalie miaka ishirini, uone litakavyokuwa bapa na gumu. Theluji nayo hulaliwa na theluji yenzake. Makumi ya mita ya mwanzo bado ni sufi, hewa inaingia na kutoka. Ukishuka mita 50 hadi 120, ikitegemea baridi ya mahali na wingi wa theluji, matundu yanaanza kuzibana, na kila tundu linafunga na hewa iliyokuwemo wakati huo. Hapo theluji imekuwa barafu, na karibu sehemu moja katika kumi ya ujazo wake ni hewa. Hicho ndicho kiputo alichokisikia mwanao.

Hewa hiyo imebanwa kweli kweli. Mtafiti Mfaransa Claude Lorius alikuwa akisimulia kwamba mwaka 1965, jioni moja akiwa Antaktika, yeye na wenzake walitia vipande vya barafu ya kale kwenye vinywaji vyao (kinywaji chenyewe hakitajwi kwenye ukurasa huu). Barafu ikawa inatatarika na viputo vinapasuka juu ya glasi. Akajiuliza: hewa inayotoka hapa ni ya lini? Swali hilo lilimweka kazini miaka iliyobaki.

Na friji yako imo katika habari hii, mama. Lile tabaka la juu ambalo halijaziba, watafiti huingiza bomba la mpira na kuvuta hewa kutoka kina mbalimbali. Juu wanakuta zile gesi za friji za zamani, zilizokuja kutoboa tabaka la ozoni. Wakishuka, zinapungua, na chini kabisa karibu hazipo. Hiyo ni dalili kwamba si za asili. Zilianza kutengenezwa viwandani karne iliyopita, na hewa iliyotangulia haikuzijua.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mhudumu wa mkahawa hapa Malindi. Mteja mmoja Mwitaliano aliniambia aliwahi kufanya kazi kituo kinachoitwa Concordia, Antaktika, na kwamba wamechimba barafu ya miaka 800,000. Nikamuuliza nani alikuwa akihesabu. Akacheka, akalipa, akaondoka. Nisaidie. (Mhudumu, Malindi)

JIBU: Hakukudanganya, ingawa angekujibu kwanza ndipo alipe. Concordia ni kituo cha Ufaransa na Italia, juu ya uwanda unaoitwa Dome C, zaidi ya mita 3,200 kutoka usawa wa bahari. Uchimbaji wa hapo, uliopewa jina EPICA, ulikoma Desemba 2004 kwenye kina cha mita 3,270 hivi. Chombo chao ni ndugu wa keekee wanayotobolea mbao mafundi wa majahazi wa Matondoni, isipokuwa hii ni tupu katikati: inakata duara, inapanda na mche wa barafu wa mita chache, mviringo kama gogo. Wanauweka pembeni, wanashuka tena. Miaka kadhaa ya kushuka na kupanda.

Kuhesabu kunategemea mahali. Kunakoanguka theluji nyingi, kama katikati ya Greenland, miaka hujionyesha. Ipo kemikali inaitwa haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu. Hewani hutengenezwa kwa nguvu za jua, kwa hiyo theluji ya kiangazi huwa nayo nyingi na ya msimu wa giza huwa nayo haba. Pima mche wa barafu kila baada ya sentimita moja au mbili, utaona inapanda, inashuka, inapanda: mwaka, mwaka, mwaka. Vumbi na chumvi ya bahari nazo zina misimu yao.

Dome C ni jangwa. Theluji ya mwaka mzima ukiiyeyusha haifiki sentimita tatu za maji. Mvua ya asubuhi moja ya masika hapa Lamu inaweza kuipita. Na hiyo kidogo nayo upepo unaihamisha. Huwezi kuhesabu mwaka mmoja mmoja mpaka 800,000. Kinachofanyika ni kutafuta nanga. Mlima wa volkano ukilipuka kwa nguvu, salfa yake inapanda juu sana, inageuka asidi, inazunguka dunia na kushukia ncha zote mbili. Mwaka 1815 ulilipuka Tambora, Indonesia, nayo imo. Ipo nanga kubwa zaidi ya mwaka 1257, ambayo kwa miongo mingi ilionekana kwenye barafu bila mtu kujua ni ya mlima gani. Mwaka 2013 ndipo ikafungamanishwa na Samalas, kisiwani Lombok, Indonesia hiyo hiyo. Mwaka ule Shanga ulikuwa mji wenye watu na msikiti wa mawe. Ndio watu niliokuwa nawawaza nilipoandika ile sentensi yangu. Kwa karne iliyopita, nanga ni majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, yaliyoacha mstari wa mnunurisho, yaani mionzi ya mabomu hayo, Greenland na Antaktika.

Katikati ya nanga na nanga ni hesabu: barafu ya chini inavyobanwa na kuwa nyembamba, na kadiri unavyoshuka kosa linakua, mpaka chini kabisa ni la maelfu ya miaka. Atakayekutajia mwaka kamili wa barafu ya mita 3,000 chini, huyo anauza kitu.

Kisha lipo jambo ambalo wanafunzi wangu walikuwa hawalipendi. Kiputo ni mdogo kwa umri kuliko barafu inayokizunguka. Kumbuka godoro: hewa iliendelea kuingia na kutoka mpaka tundu lilipoziba, na kufikia hapo theluji yenyewe ilishakuwa na umri wa mamia ya miaka. Kwenye jangwa la baridi kama Vostok, kituo cha Warusi huko Antaktika, tofauti hiyo ilifika maelfu ya miaka wakati wa zama za barafu. Vostok ndiko kipimajoto kilikosoma nyuzi 89.2 chini ya sifuri, tarehe 21 Julai 1983. Mwambie mteja wako Concordia ni joto.

Na wamesoma nini humo? Katika miaka yote 800,000 hewa ukaa, ile gesi ya moshi inayoipasha dunia joto, ilikuwa ikipanda na kushuka, 180 hivi katika kila milioni wakati wa baridi kali, 280 hivi wakati wa joto, na haikuvuka 300. Sasa imepita 420. Methani, gesi nyingine inayoipasha dunia joto, kabla ya viwanda ilikuwa kama 700 katika kila bilioni, leo ni zaidi ya 1,900. Sina la kuongeza kwenye tarakimu hizo. Uchimbaji mwingine wa Ulaya, kilomita 35 hivi kutoka Concordia, ulifika mwamba wa chini Januari 2025, mita 2,800, na barafu yake imezidi miaka milioni 1.2. Akirudi mteja wako muulize hiyo.

SWALI: Bi Mwalimu, nimeendesha mashua za injini tangu ujana wangu, Lamu hadi Kiwayu, na moshi nimeutoa si haba. Je, moshi wangu nao umeandikwa huko? Nataka kujua kama nina kesi. (Nahodha mstaafu, Shela)

JIBU: Shikamoo baba nahodha. Kesi unayo, lakini ni ndogo, na washtakiwa wenzako ni wengi mno.

Tuanze na risasi, si ya bunduki, ile madini. Petroli ya zamani ilitiwa risasi ili injini isigonge. Mmarekani Clair Patterson, yule yule aliyekokotoa umri wa dunia, alipata taabu ya ajabu: kila alichopima kilikuwa na risasi, hadi maji, hadi vyombo, hadi nywele zake mwenyewe. Ikabidi ajenge maabara safi kuliko chumba cha upasuaji. Yeye na wenzake wakaenda kuchimba theluji Greenland na Antaktika wamevaa plastiki kutoka kichwani hadi miguuni, wakitupa sehemu ya nje ya kila donge na kubakiza kiini. Walichokitangaza mwaka 1969 ni kwamba theluji mpya ya Greenland ilikuwa na risasi kama mara 200 kuliko barafu ya kale, na mpando mkali ulikuja baada ya petroli ya risasi kuanza kuuzwa.

Penye maneno haya huwa nasimama. Mtu alibeba koleo hadi mwisho wa dunia, mahali pasipo gari hata moja, akakuta humo moshi wa magari ya mijini. Marekani na Ulaya zilipoanza kuiondoa risasi, theluji ya Greenland nayo ikasema: ndani ya miaka ishirini na kitu tangu mwisho wa miaka ya 1960, ilipungua zaidi ya mara 7. Huku kwetu, Afrika kusini mwa Sahara, petroli hiyo ilikomeshwa Januari 2006. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Aljeria, mwaka 2021, na tangazo likatolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa kutoka hapa hapa Nairobi.

Na si kwamba risasi ilianza na injini. Warumi walipokuwa wakiyeyusha madini kupata fedha, moshi wao ulifika Greenland, ukapandisha risasi kama mara nne kuliko kawaida. Upande wa kusini, barafu inaonyesha risasi ya viwanda ilishafika Antaktika mwaka 1889, na alama yake inafanana na madini ya Broken Hill, Australia. Mnorwe Amundsen, mtu wa kwanza kufika, alisimama kwenye ncha ya kusini Desemba 1911. Uchafu wetu ulimtangulia miaka 22.

Sasa moshi wako. Lamu iko nyuzi mbili na kitu kusini mwa ikweta, na wewe unajua kuliko mimi nani anatupulizia. Wakati wa kaskazi tunavuta hewa ya Uarabuni na Bara Hindi, wakati wa kusi hewa ya bahari ya kusini. Masizi na risasi haviishi hewani muda mrefu, siku kadhaa au wiki chache, kisha mvua inaviosha. Vyako vingi viliishia kati ya Manda na Kiwayu, au mbele kidogo. Hewa ukaa haioshwi hivyo. Inachanganyika dunia nzima, mwaka mmoja hivi unaitosha kuvuka kutoka nusu moja ya dunia hadi nyingine. Kwenye theluji, basi, jina lako halimo. Kwenye viputo vitakavyoziba huko mbele umo, punje isiyoonekana, pamoja na mimi na jiko langu la gesi.

SWALI: Mwalimu, mimi niko kidato cha tatu. Kama barafu inaweka kila kitu, kwa nini wanasayansi bado wanabishana? Si wasome tu? (Mwanafunzi, Malindi)

JIBU: Mwanangu, nilikuwa nikikusubiri wewe.

Mwaka jana mafundi walikuja kurekebisha ukuta wa ukumbi wangu. Chokaa ilikuwa inabanduka kama magamba ya samaki. Nikaokota gamba moja nene, nikaligeuza upande, nikaona mistari: nyeupe, nyeupe, kisha mstari mwembamba mweusi, nyeupe tena. Kila mstari mweupe ni mkono mmoja wa chokaa. Nyumba hii ilikuwa ikipakwa karibu kila mwaka kabla ya Maulidi. Mweusi ni masizi ya kandili za nyanya yangu. Karibu na juu weusi unakatika, na hapo ndipo stima zilipoingia nyumbani. Nilikaa na lile gamba kibarazani mchana kutwa, mafundi wakanisubiri weee mpaka wakachoka.

Nikahesabu mikono kumi na tisa. Nyumba ina zaidi ya miaka kumi na tisa! Ndipo nikamkumbuka nyanya na kipande chake cha bati: yeye alikuwa hapaki juu ya masizi ovyo, anakwangua kwanza, hasa mwaka wenye harusi. Miaka ya harusi haimo ukutani. Ukuta haukunidanganya. Ulinipa kilichobaki, na ningeuamini bila kumkumbuka mkwanguaji ningekosea.

Theluji nayo ina wakwanguaji wake, na mkubwa wao ni jua. Chukua naitreti, ile iliyomo kwenye mbolea, ambayo hewani hutokana na radi, udongo na moshi wa injini. Hushuka na theluji, na ungedhani imefika imekaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vipimo vya Greenland na vya ncha ya kusini vilianza kuonyesha ajabu: hewa ya juu ya theluji, wakati wa kiangazi chenye jua la saa ishirini na nne, ilikuwa na gesi za naitrojeni nyingi kupita matarajio. Zilikuwa zinatoka chini. Miale ya jua inapenya makumi ya sentimita za juu, inavunja naitreti, na gesi inarudi hewani. Ncha ya kusini gesi hizo husaidia hata kutengeneza ozoni karibu na ardhi. Mahali pakavu kama Dome C, theluji inakaa juani miaka kadhaa kabla ya kufunikwa, na naitreti nyingi huondoka. Kwa hiyo ukikuta naitreti kidogo kwenye barafu ya huko, usikimbilie kusema hewa ilikuwa nayo kidogo. Huenda jua lilipewa muda mrefu wa kukwangua. Ile haidrojeni peroksaidi niliyoisifu hapo juu nayo hutoroka, hasa panapoanguka theluji haba.

Salfa ya volkano haitoroki hivyo. Chumvi ya bahari na vumbi hukaa. Risasi hukaa. Shahidi ni mmoja, lakini kwa jambo hili mwaminifu, kwa jambo lile msahaulifu, na kazi ya mkemia ni kujua lipi ni lipi.

Upo udanganyifu mwingine ambao unaweza kuujaribu jikoni. Kwangua unga wa chokaa ya ukuta wa zamani, uukamulie ndimu. Utatoa povu. Chokaa hukauka kwa kuvuta hewa ukaa kutoka hewani na kuwa kama jiwe, na asidi ya ndimu inaitoa tena. (Waombe ruhusa wenye ukuta.) Barafu ya Greenland imejaa vumbi lenye chokaa kutoka majangwa ya Asia, na imejaa pia asidi. Vikikutana humo ndani, hata polepole, vinatoa hewa ukaa ambayo haikuwahi kuwa hewani. Mabaki ya viumbe nayo yanaweza kuongeza yake. Ndiyo sababu kwa hewa ukaa tunasikiliza barafu ya Antaktika, ambayo ina vumbi dogo sana, na ile ya Greenland tunaiuliza mambo mengine: risasi, moto wa misitu, misimu. Wanaobishana wanahojiana na shahidi, mwanangu, na kelele za mahakama si dalili kwamba hakuna ushahidi.

Nilijaribu zamani kuwaonyesha wanafunzi wangu kwa mche wa barafu tuliotengeneza wenyewe: kopo refu, tabaka la maji, tabaka la ubuyu, tabaka la maji yenye masizi, kila siku tabaka moja, wiki mbili. Siku ya kumi na tatu stima zilipotea usiku kucha. Asubuhi tukawa na kopo la uji wa kijivu. Darasa lilicheka, lakini nadhani siku hiyo ndipo walipoelewa kwa nini watu wanaenda kuchimba mahali pasipoyeyuka kamwe.

SWALI: Kwa nini waende mbali, na Kilimanjaro ipo hapa? (Wasomaji wanne, kwa maneno tofauti)

JIBU: Walikwenda. Mwaka 2000 Mmarekani Lonnie Thompson na kikosi chake walitoa miche sita ya barafu Kilimanjaro, mrefu wao mita 50 hivi, na mwaka 2002 wakasema barafu ya chini kabisa ina miaka 11,700. Wengine wameupinga umri huo. Tatizo ni lile la kopo langu: huko juu kuna kuyeyuka, na maji yanaposhuka yanachafua kurasa za chini. Kutoka 1912 hadi 2000 mlima ulipoteza takriban asilimia 80 ya eneo la barafu yake. Vipande walivyotoa wamevihifadhi kwenye friji Ohio.

SWALI: Mwalimu, mimi napeleka wageni kwenye matumbawe hapa hifadhi ya bahari Malindi. Sisi hatuna theluji. Je, hatuna chetu kinachoweka kumbukumbu? (Mwongoza watalii, Malindi)

JIBU: Unacho, na kila siku unakipitia juu na mashua.

Lile tumbawe kubwa la mviringo kama jahazi lililopinduka, hukua sentimita moja hivi kwa mwaka, na likipigwa eksirei linaonyesha mistari ya miaka kama mti. Hifadhi yenu ilitangazwa mwaka 1968, na kwa sababu imelindwa, yamebaki matumbawe mazee. Watafiti wametoboa hapo kwa keekee tupu katikati, ndugu wa ile ya Concordia, na wamepata kumbukumbu ya miaka kama 300. Hewa si kitu linachoweka. Huweka joto la maji na uchafu wa mto.

Mto wenyewe ni Sabaki. Udongo unaotoka bara huja na madini yanayoitwa bariamu, imeshikamana nao. Ukifika kwenye maji ya chumvi bariamu inaachia, na tumbawe linaichukua linapojenga. Kwa karne mbili hivi za mwanzo bariamu ilikuwa chini, imetulia. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ardhi ya juu huko Ukambani na kwingineko ilipoanza kulimwa na kulishwa kwa namna mpya chini ya wakoloni, inapanda ghafla na haijarudi tena ilikokuwa. Siku bahari yenu ikigeuka rangi ya chai ya maziwa baada ya mvua, wageni wakanuna, waambie tumbawe nalo linaandika.

Lakini usilitoboe mwenyewe, wala usimruhusu mgeni ajaribu, hata akikupa noti gani.

Na kwa yule msomaji wa Siyu aliyeuliza kama vidaka (vile vishubaka vya ukutani) vya nyumba zetu, vilivyochongwa kutoka matumbawe mabichi ya baharini, navyo vina kumbukumbu ndani yake: vinayo. Jiwe la kidaka liliacha kukua siku lilipong'olewa majini, na miaka iliyotangulia siku hiyo imo. Fundi wangu alikwisha shika msumeno. Nimemwambia kidaka changu hakikatwi, nimeweka humo birika la mamangu, na bariamu yake ibaki ndani.